Mwaka huu umelima wapi?

Kivuli cha mbuyu kilikuwa kimeanza kuwatupa nje waliokaa pembeni, na kina mama walikuwa wakihamisha kanga na watoto kidogo kidogo kukifuata. Ni kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, msimu ukiwa unakaribia. Mtaalamu wa mbegu, kijana mwenye kofia ya mradi, alikuwa amemaliza maelezo yake: mtama mweupe wa muda mfupi, nafasi kati ya mstari na mstari, kupanda mara tu mvua zikishika. Alieleza vizuri. Mimi nilikuwa pale kuandika taarifa, na maneno yake yaliandikika bila shida.

Ndipo mwanamume mmoja aliyesimama nyuma, ameegemea baiskeli yake, akanyoosha mkono.

"Mtaalamu, samahani. Wewe mwaka huu umelima wapi?"

Watu wakacheka. Kicheko kilianzia kwa vijana wa nyuma, kikapita kwa wazee, kikafika mpaka meza kuu, na mwenyekiti na mtendaji nao wakacheka. Mtaalamu akacheka pia. "Baba, hilo swali zuri, tutalizungumza," akasema, akarudi kwenye maikrofoni.

"Sasa ndugu zangu, tumeelewa—"

"Ndiyooo!"

Fomu ya mradi ina sehemu ya waliohudhuria, wanaume kwa wanawake, na chini yake swali moja: je, ujumbe umeeleweka? Mtendaji akagonga muhuri, tukafunga spika, tukazima jenereta.

Kicheko kile hakikunitoka kichwani wiki nzima, na iliyofuata, na iliyofuata. Hakuna sehemu yake kwenye fomu. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hata kwenye nadharia za mawasiliano nilizosomea sikujua ningekiweka wapi.

Mwenye mchoro alisema nini

Waliosoma mawasiliano wanaujua ule mchoro, na wasiosoma wameuona kwenye slaidi za semina elekezi: kisanduku cha mtoa ujumbe, mshale, kisanduku cha mpokeaji, na kelele zikiingilia katikati. Sitaurudia. Nilichofanya ni kurudi kwa mwenyewe.

Claude Shannon alikuwa mwanahisabati na mhandisi katika maabara za Bell, Marekani. Makala yake ya mwaka 1948 ilihusu njia za mawasiliano kama simu na telegrafu: mkondo wenye kelele unaweza kubeba habari kiasi gani, na ufanyeje ili kinachotoka upande wa pili kiwe kile kile kilichoingia. Mwanzoni kabisa mwa makala anaonya kwamba ujumbe mara nyingi huwa na maana, lakini maana hiyo haihusiani na tatizo la kihandisi analolishughulikia.

Yaani mwenyewe aliandika, wazi, kwamba maana haimo.

Mwaka uliofuata makala ile ikatoka kama kitabu, pamoja na maelezo ya mwanahisabati Warren Weaver. Weaver alitenganisha maswali matatu. Je, alama zimefika kwa usahihi? Je, zimebeba maana iliyokusudiwa? Je, zimebadili mwenendo wa aliyezipokea? Mchoro ulizaliwa kujibu swali la kwanza. Sisi watu wa semina tukaubebesha yote matatu, na kama kuna wa kulaumiwa, Shannon ni wa mwisho kwenye foleni.

Kwa kweli namheshimu kuliko zamani. Chukua sentensi hii: "Vitabu vyangu vile viwili vimepotea." Itamke kando ya mashine ya kusaga. Neno moja likimezwa na mlio, hata mawili, bado utajua tunazungumzia vitu vya ngeli gani na kwamba ni vingi, maana sarufi imekukumbusha mara tano. Kwa mtu mwenye haraka huo ni mzigo wa bure. Shannon angesema hiyo ndiyo kinga: marudio ndiyo yanayoiwezesha lugha kuvuka kelele. Alikadiria kwamba karibu nusu ya Kiingereza cha maandishi ni ziada ya namna hiyo. Sijui kama aliwahi kuusikia upatanisho wa kisarufi wa Kibantu, lakini nadhani angeupenda.

Ila kwa kicheko hana msaada. Kwenye mchoro wake, sauti ya watu mia wakicheka katikati ya hotuba ni kelele.

Picha ya kwenye simu

Wilbur Schramm, msomi wa mawasiliano wa Marekani, mwaka 1954 aliuona upungufu na akaweka mambo mawili: mrejesho, na yale maduara ya uzoefu ambayo ni lazima yakutane ili watu waelewane. Hapo kidogo nikapumua. Kicheko kingekuwa mrejesho. Mwanakijiji na mtaalamu wana maduara yanayogusana kwa shida, kwa hiyo swali la baiskeli lilikuwa linapima pale yanapogusana. Inaingia akilini. Nusura niishie hapo.

Kilichoniharibia ni picha. Nilikuwa nimepiga kadhaa kwa ajili ya taarifa, na moja ilinasa sekunde ile ya kicheko. Niliifungua usiku mmoja nikiwa nyumbani, mtaa wa Kisasa mjini Dodoma, nikaikuza.

Hakuna anayemtazama mtaalamu.

Wanatazamana. Mama wa mstari wa mbele amegeuka kabisa, anamtazama mwenzake aliye nyuma yake. Vijana wawili wameangaliana. Mzee mwenye fimbo amemgeukia wa kulia kwake. Kama kile ni mrejesho, basi aliyerejeshewa hakuwa mtoa ujumbe. Ule mshale wa kurudi uliochorwa kwa uangalifu kwenye vitabu, pale haukurudi popote. Ulitawanyika.

Swali ambalo halikuwa swali

Nikamgeukia Paul Grice, mwanafalsafa Mwingereza, ambaye mihadhara yake ya mwaka 1967 pale Harvard ndiyo iliyofungua eneo zima la maana inayodokezwa. Hoja yake, kwa kifupi: msikilizaji huanza kwa kudhani kwamba msemaji anatoa mchango unaofaa mazungumzo. Akisikia jambo lililo kando, hasemi mwenzake kachanganyikiwa. Anatafuta ni kitu gani kingelifanya lifae.

Baba wa baiskeli hakutaka kujua jina la kitongoji lilipo shamba la mtaalamu. Kila mtu alijua hivyo. Walichokipata ni kitu kama: wewe hulimi, kwa hiyo mvua ikikatika Februari utakuwa kwenye ofisi yenye mshahara, na sisi tutakuwa hapa. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililotamkwa. Mtu akimshtaki kwa utovu wa adabu, hana ushahidi. Aliuliza tu.

Sisi watu wa utani na mafumbo hatukuhitaji mhadhara wa Harvard kuligundua hilo. Mpare akimwambia Mchaga aliyefiwa kwamba marehemu alikuwa bahili hata wa pumzi, msiba mzima unajua kinachosemwa. Anayechagua kanga ya kuvaa kwenye sherehe ya jirani naye anajua anaongea na nani.

Hapo kwenye kanga ndipo mwanasosholojia Erving Goffman anapofaa. Aliandika, kwenye miaka ya 1970 mwishoni, kwamba neno "msikilizaji" limebeba watu wengi mno: kuna anayesemeshwa, kuna aliyepo kihalali lakini hasemeshwi, kuna anayesikia kwa kupita njia. Na msemaji mjanja huweza kumsemesha mmoja ili wengine wasikie. Swali lile lilielekezwa kwa mtaalamu. Walengwa walikuwa wale watu waliokaa kwenye kanga.

Nilikuwa nimefika mbali, lakini bado jambo moja lilinisimamisha. Kila mtu pale alikuwa na shaka yake tangu mwanzo. Swali lile halikuwaambia chochote wasichokijua. Sasa kama hakuna habari mpya iliyopita, kwa nini hewa ya mkutano ilibadilika?

Jibu lililotangulia swali

Pembeni kidogo, kuhusu ile "Ndiyooo".

Ilikuja kabla mtaalamu hajamaliza neno. Kuna utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha 10 za mabara mbalimbali, wakapima muda kati ya swali na jibu. Wastani ulikuwa kama moja ya tano ya sekunde. Ajabu ni kwamba kuandaa hata neno moja la kutamka huchukua zaidi ya nusu sekunde, kwa hiyo binadamu huanza kuandaa jibu wakati mwenzake bado anaongea. Tunasikiliza huku tukibashiri mwisho.

Ndiyo maana "tumeelewana?" ya mkutano wa hadhara haipimi kitu. Mwisho wake unajulikana tangu shule ya msingi. Jibu liko tayari kinywani kabla mada haijaanza, na mtaalamu naye anajua, na anayeandika fomu anajua. Ni adabu ya kufunga kikao, na kama adabu sina ugomvi nayo.

Pancha

Tulipotoka kijijini siku ile, tairi la nyuma likapata pancha kabla hata hatujafika barabara kubwa. Ya akiba nayo haikuwa na upepo. Dereva akadandia bodaboda na tairi, mimi nikabaki kwenye kibanda cha chai.

Walikuja watu wa mkutano ule ule, wanarudi makwao. Waliongea Kigogo na Kiswahili kwa kuchanganya. Kigogo changu ni cha kuombea maji. Nikishatoa salamu ya "mbukwenyi" ninakaribia mwisho wa akiba. Lakini mada niliijua, na mama muuza chai alipoona ninakodoa macho akawa ananisaidia pale Kiswahili kilipokatika.

Hakuna aliyesema hakuelewa. Walirudia somo lote, nafasi za mistari kwa sentimita, wakarekebishana. Kama ningekuwa na ile fomu ningeweza kuijaza kwa dhamiri safi.

"Mimi wakinipa hata leo napanda," mmoja akasema. "Ila ndege."

"Ukipanda peke yako, ndege wote ni wako."

"Yule wa bondeni si alipanda? Alihamia shambani na kitanda."

"Si tupande wote."

"Wote akina nani?"

Wakanyamaza kidogo, wakaagiza chai nyingine, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbuzi mnadani Msalato.

Kwa asiye wa kanda ya kati: ndege anayezungumzwa ni kwelea kwelea. Mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, na kundi moja linaweza kufikia mamilioni, kwa hiyo kila ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku moja. Mtama mwekundu wa asili una uchungu unaowakera kidogo. Mweupe hauna. Na mbegu ya muda mfupi ikipandwa na mtu mmoja tu, huiva wakati mashamba ya jirani bado mabichi, na kundi zima halina pengine pa kwenda. Wakipanda wengi, hasara ile ile inagawanyika na walinzi wanaongezeka. Watoto wa kijiji kizima wanakuwa na kombeo siku moja.

Mbegu hiyo, basi, ni nzuri au mbaya kwako kutegemea jirani atafanya nini. Na jirani naye anakuangalia wewe.

Sitakidanganya kizazi cha wasomi wa mtandaoni kwamba niliyaunganisha yote pale pale kibandani. Pale nilikuwa nawaza tairi. Ni picha ile ya kwenye simu iliyonirudisha kwenye "wote akina nani".

Najua kwamba unajua

Mwaka 1969 mwanafalsafa David Lewis alichapisha kazi kuhusu mazoea ya pamoja: kwa nini sote tunaendesha upande mmoja wa barabara, kwa nini maneno yana maana moja kwetu sote. Alionyesha kwamba haitoshi kila mtu kujua jambo. Inabidi kila mtu ajue kwamba wengine wanalijua, na ajue kwamba wao wanajua kuwa yeye anajua, na kuendelea. Hayo ni maarifa ya pamoja, na ni kitu tofauti na maarifa yaliyomo katika kila kichwa kimoja kimoja. Mwaka 2001 msomi Michael Chwe akatumia wazo hilo kueleza sherehe, gwaride na mikusanyiko: faida yake kubwa ni kwamba aliyepo anawaona wengine nao wakiona. Chwe anagusia hata jinsi watu wanavyokaa kwenye duara, wakitazamana.

Wakitazamana. Picha yangu.

Kabla ya swali la baiskeli, kila mmoja chini ya mbuyu alikuwa na shaka yake mfukoni na alidhani labda ni yeye tu. Sekunde ile ya kicheko haikuongeza habari hata chembe. Iliitoa shaka mifukoni ikaiweka katikati, ikaonwa na wote, na kila mmoja akaona kwamba imeonwa. Kuanzia hapo, mtu wa kibandani hakuwa tena na sababu ya kutegemea kwamba jirani atapanda.

Nikasema, hilo ndilo tukio la siku. Hotuba ilipeleka ujumbe kwa watu mia. Kicheko kiliwafanya watu mia wajue msimamo wa wenzao. Na kwa jambo linalotegemea jirani, cha pili ndicho kinachoamua.

Lakini subiri. "Ndiyooo" nayo ilisikika na wote, na kila mmoja alisikia wengine wakiitikia. Kwa mantiki ile ile, nayo ni maarifa ya pamoja: sote tumekubali. Ndani ya dakika moja kijiji kilijitangazia mambo mawili yanayopingana. Kwa nini moja lilishinda?

Jibu langu, na sina lingine, ni kwamba kila mtu pia anajua "ndiyo" ya mkutano ni ya bei rahisi. Kicheko ni kigumu kukipanga. Kilimtoka hata mwenyekiti, ambaye alikuwa na sababu zote za kujizuia.

Mwenzangu wa takwimu ofisini hakushawishika. "Kaka, watu walicheka kwa sababu ilichekesha. Hawapigi hizo hesabu za najua-unajua." Ni kweli hawapigi. Lakini dereva wa Dodoma–Morogoro naye hapigi hesabu anapopishana na lori usiku, wala hasimami kujiuliza kama mwenzake anajua kwamba yeye anajua upande wa kushoto ni upi. Maarifa yapo, hata bila ya kupigiwa hesabu.

Mkoa uliowekwa kando

Hapa Dodoma ina historia yake katika sayansi hii, na nashangaa haizungumzwi.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Wenye umri wangu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na Tunu mkewe. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, yule wa nadharia ya usambaaji wa mambo mapya, walitaka kujua kama mchezo unabadilisha kitu kweli au ni upepo wa miaka tu. Walihitaji sehemu isiyousikia. Dodoma ilikuwa na mtambo wake wa kurushia, kwa hiyo hadi mwaka 1995 wakati nchi ikisikiliza mchezo, huku kulirushwa vipindi vingine. Tulikuwa mkoa wa kulinganishia.

Matokeo yalionyesha mabadiliko kule ulikosikika, na huku baada ya kuanza kusikika. Kinachonihusu mimi ni njia yaliyopita. Sehemu kubwa ilikuwa watu kuongea wao kwa wao: mke na mume, marafiki, majirani. Mchezo uliwapa cha kuanzia. Mke angeweza kusema "umemsikia Mkwaju jana?" bila kusema "wewe". Na angeweza kwa sababu alijua mumewe naye amesikia.

Miaka 20 kabla, mwaka 1973, kampeni ya afya kwa redio, Mtu ni Afya, ilikuwa imekwenda mbali zaidi kwa makusudi. Redio haikuachwa iongee na mtu peke yake. Watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza, na kiongozi na kijitabu, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Choo nacho kina tabia ya mtama: changu kinanisaidia kidogo sana kama majirani wote wanakwenda vichakani. Waliopanga kampeni ile huenda hawakuhitaji Lewis. Walijua lazima watu waamue wakiwa wanaonana.

Mwanasosholojia Paul Lazarsfeld na wenzake walikuwa wameshapata fununu ya hili huko Ohio, kwenye uchaguzi wa Marekani wa mwaka 1940. Walitegemea kukuta redio na magazeti yakibadilisha kura, wakakuta watu wakisikilizana wao kwa wao. Wakaiita njia ya hatua mbili: kutoka chombo kwenda kwa wachache wanaofuatilia, yaani viongozi wa maoni, na kutoka kwao kwenda kwa wengine. Zamani niliipenda. Sasa naiona bado ina mshale mmoja zaidi ya inavyopaswa, maana pale kibandani sikumwona kiongozi wa maoni. Niliona watu wanapimana.

Majenerali na meseji

Haya yote yangebaki kuwa burudani ya usiku kama mratibu wa mradi hangeleta pendekezo lake. Mikutano ni ghali: mafuta, posho, spika, na tairi kama lile. Msimu ujao elimu itumwe kwa meseji, kila mkulima kwenye simu yake. Mtandao unatoa hata taarifa ya kila ujumbe uliofika. Shannon angefurahi.

Nikamuuliza: mkulima akipata meseji, atajuaje kama jirani ameipata?

"Tutaandika chini kwamba imetumwa kwa wote."

Ni jibu zuri kuliko linavyoonekana, na nililifikiria kwa muda. Ila wataalamu wa kompyuta wameshahangaika nalo. Mwaka 1978 Jim Gray alilipa jina linalojulikana leo, la majenerali wawili: majeshi mawili yako vilima viwili, adui bondeni, yanashinda tu yakishambulia pamoja, na mjumbe anayepita bondeni anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma saa ya kushambulia. Hawezi kwenda bila uthibitisho. Wa pili anathibitisha, lakini naye hawezi kwenda mpaka ajue uthibitisho umefika. Ongeza wajumbe upendavyo, haitoshi kamwe. Mwaka 1990 Joseph Halpern na Yoram Moses walithibitisha kihisabati kwamba kama kufika kwa ujumbe hakuna hakika, maarifa ya pamoja hayapatikani kwa kutumiana.

Chini ya mbuyu yalipatikana kwa sekunde tatu.

Sitaki kuigeuza meseji kuwa adui. Kuna mambo yanayohitaji usiri, majibu ya kipimo cha VVU kwa mfano, na huko kukusanya watu ni ukatili. Taarifa ya mvua ya kesho pia mtu anaitumia vizuri akiwa peke yake. Kuanika karanga hakutegemei jirani. Ugomvi wangu uko kwenye yale yanayotegemea jirani: mbegu ya kuiva mapema, chanjo ya kuku, zamu za kulinda malambo. Kwa hayo, meseji itafika kwenye kila simu na kumwacha kila mkulima pale pale alipokuwa, na "wote akina nani?" yake.

Na mkutano nao una hatari ambayo meseji haina. Unaweza kutangaza shaka kwa kasi ile ile unayotangaza mbegu. Mratibu alinishika hapo: "Kwa hiyo tulipe mafuta ili watucheke?"

Nadhani ndiyo. Kama shaka ipo, afadhali mtaalamu awe amesimama pale inapotoka, aulizwe amelima wapi na ajibu. Ajibu kweli. Kama ana nusu eka Hombolo ya kwake aseme ndege walimfanyaje. Kama hana, aseme hana, kisha aulize yeye: mnaotaka kupanda ni nani na nani, na mashamba yenu yanapakana? Hapo watu wanyooshe mikono wakiwa wanaonana. Wakiwa watano wenye mashamba yaliyotawanyika, tuwaambie wasubiri. Hilo halimo kwenye lengo la mradi, najua.

Tumefikia nusu ya njia. Meseji zitatumwa, na bajeti ya mikutano imepunguzwa ila haijafutwa. Kwenye fomu nimeomba swali la "ujumbe umeeleweka?" liondolewe, badala yake tuandike majina ya majirani waliokubaliana kupanda pamoja, na tuyafuatilie mtama ukianza kuchanua. Mwenzangu wa takwimu anasema majina hayaingii kwenye jedwali. Mratibu anasema atauliza makao makuu. Mvua huku huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na makao makuu bado hawajajibu.